Kijana wa Kazi

Fundi alifika mapema mno, na hakufika peke yake.

Chiriku alimwona kupitia dirisha la ghorofani akivuka ua wa changarawe. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka linang'aa, na kamba yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa sababu alikuwa ameisahau, kama alivyoisahau kila siku aliyowahi kutoka dukani kwa haraka. Nyuma yake kidogo, akikanyaga kwa tahadhari ili viatu vyake vizuri visichafuke, alikuwa anakuja mama yake Chiriku. Mama yuleyule ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hataki hata kukaa chumba kimoja na Fundi.

"Mungu wangu," Chiriku alinong'ona.

"Vipi tena?" aliuliza Mchongaji, jirani yake wa chumba cha pili, aliyekuwa amekuja kuazima ngazi. "Mbona umebadilika rangi ghafla?"

"Watu wa nyumbani wamefika."

"Si ulisema wanakuja jioni, wageni wakishaondoka?"

"Ndivyo nilivyowaambia."

Mchongaji alichungulia dirishani, akacheka. "Basi na huyo mwenye kamba shingoni amekuja kukupima jeneza? Maana kwa uso huo ulionao!" Akabeba ngazi yake, akaondoka zake akipiga mluzi.

Chiriku hakucheka. Alisimama katikati ya chumba chake cha kazi akiwa na gauni la kijani kibichi lililomkaa kama ngozi ya pili, akijiona kama mtu aliyefumaniwa. Na hakuwa amefanya lolote. Bado.

Jina la Chiriku alipewa na shangazi zake tangu utotoni, kwa sababu akiamka tu mdomo haukutulia mpaka usingizi umchukue tena. Alipokua, maneno yalipungua, rangi zikachukua nafasi yake. Alichora miaka mingi bila kujulikana, hadi nyumba ile ya wasanii ilipomchagua. Nyumba ilikuwa zamani kiwanda cha uchapaji. Ilimpa msanii chumba kikubwa chenye madirisha marefu, kitanda, chakula na nusu mwaka wa kufanya kazi yake bila kuulizwa lingine. Wengi waliomba, wachache walipata. Waliotoka pale majina yao yalivuma.

Lakini miezi ya mwanzo ilimtesa. Alichora, akafuta, akachora tena. Mkurugenzi wa nyumba, mwanamke mwembamba asiyejua kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, alimwambia waziwazi: "Picha zako ni nzuri kama za kalenda. Mtu anazitazama mwezi mmoja, kisha anageuza." Siku ile Chiriku alimpigia simu Fundi akilia kwikwi, akisema anafunga virago arudi nyumbani.

Fundi hakumwambia arudi wala asirudi. Alimtumia gunia la mabaki ya nguo kutoka dukani kwake: kola zilizokosewa, mifuko iliyobanduliwa, pindo za suruali za watu, vipande vya bitana. "Ukichoka kuchora, shonashona upoteze mawazo," alimwambia. "Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinapumzika." Na jioni, wakiwa kila mmoja upande wake wa simu, alimfundisha namna ya kushika sindano, namna ya kuirudisha nyuma kidogo kila inapokwenda mbele ili uzi ushike.

Hapo ndipo kazi ilipomfungukia. Alianza kushona nyuso. Kola ikawa kidevu, mfuko ukawa kope la jicho, pindo la suruali likawa mkunjo wa paji la uso la mzee aliyechoka. Alishona mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Mkurugenzi alipoingia na kuziona, alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Sasa umekuja." Kuanzia siku ile wasanii wenzake walianza kupita chumbani kwake bila sababu ya maana.

Na Fundi alikuwa nani kwake? Alikuwa mchumba wake. Walikutana siku zipu ya sketi yake ilipokatika njiani, akaingia duka la kwanza aliloliona huku amejifunika nyuma kwa mkoba. Fundi alimpa kanga ajisitiri, akageukia ukutani, akatengeneza zipu ile bila kugeuka hata mara moja. Alipomrudishia sketi alimwambia, "Dada, zipu imepona. Wewe sijui." Chiriku alicheka njia nzima. Baada ya hapo nguo zake zilianza kuharibika kila wiki.

Mama alikuja juu. "Nimekusomesha mpaka nikauza vyombo vyangu vya ndani, ili uolewe na mtu wa kupunguza suruali?" Chiriku alihama nyumbani, akaenda kukaa kwa shangazi. Alisusa, alilia, alikula yamini kwamba asipompata Fundi hataki mwingine. Mwisho mama alilegea, kwa shingo upande. Harusi ikapangwa ifungwe Chiriku akitoka tu katika nyumba ya wasanii.

Mambo yalikuwa yamefika hapo. Ila jana yake Mkurugenzi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Kesho tunafungua milango kwa wageni," alisema. "Kuna mama mmoja anakuja kutoka makumbusho makubwa ya ng'ambo. Anachagua msanii mmoja tu. Atampa miaka miwili ya kufanya kazi kule, na maonyesho ya peke yake. Nakuambia wewe tu: ameuliza habari zako."

"Mimi?" Chiriku aliuliza.

"Lakini anadadisi sana yule mama. Safari iliyopita tuliaibika. Msanii wetu mmoja aligundulika kazi zake zinashonwa na mafundi wa kukodi, yeye anaweka sahihi tu. Kwa hiyo akikuuliza, jibu kwa kifupi. Kazi ni yako, mikono ni yako, basi."

"Ni yangu kweli," Chiriku alisema, akimwonyesha vidole.

"Najua. Nataka na yeye ajue."

Nyayo zilisikika kwenye ngazi. Mlango ukafunguka, Fundi akaingia na tabasamu lililojaa uso mzima.

"Jamani, gauni limekukaa!" alisema. Alikuwa amelishona bila kumpima, kwa kumkumbuka tu. Akamsogelea, akanyoosha mkono kurekebisha bega. "Hapa tu pamepanda kidogo. Ngoja—"

"Acha kwanza." Chiriku alirudi nyuma hatua moja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, akipitisha macho chumbani. "Umekonda. Hawakulishi hapa?"

"Wananilisha, mama. Karibu ukae." Akamvuta Fundi pembeni, akashusha sauti. "Kwa nini hukunipigia? Nilikuambia jioni."

"Nilitaka nikushtue." Macho ya Fundi yaliwaka kama ya mtoto aliyeficha zawadi mgongoni. "Nilikwenda mwenyewe kwa mama. Nikamwomba. Nikamwambia, mama, siku kubwa ya binti yako usiikose kwa ajili yangu, nitakaa mbali ukitaka. Akanyamaza, akaenda kuvaa viatu. Njiani ameniuliza kama nimekula. Unasikia? Ameniuliza kama nimekula!"

Siku nyingine yoyote, Chiriku angemrukia shingoni. Leo alitazama mlango.

Fundi alikuwa ameshageukia ukuta. Alikuwa hajaziona kazi zile ila kwa simu, ndogo na zenye ukungu. Sasa alizipita moja moja taratibu, mikono nyuma, mpaka akafika kwenye uso mkubwa kuliko zote, uliotundikwa peke yake ukuta wa katikati. Uso wa mwanamume anayeinamia kitu kisichoonekana, mdomo umebana kidogo kama mtu aliyeshika pini kwa midomo.

"Huyu ni mimi," alisema polepole.

"Ni wewe."

"Hili sikio ni kola ya koti la yule mwalimu mnene. Nililia na kola hii, wewe!" Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimgeukia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Hivi ndivyo unavyoniona?"

Chiriku alitaka kusema ndiyo. Alitaka kumwambia kwamba ule uso aliushona kwa wiki nyingi, na kila usiku aliuaga kabla ya kuzima taa. Alifungua mdomo. Sauti za wageni zikapanda ngazi, na mlango ukafunguliwa.

Mkurugenzi aliingia kwanza. Nyuma yake aliingia mama wa makumbusho, mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi na miwani iliyofungwa uzi mwekundu. Alisalimia kwa kichwa. Alipita uso mmoja baada ya mwingine bila kusema kitu, akafika kwenye ule mkubwa, akasimama. Akausogelea karibu kabisa, kisha akageuka, akamtazama Fundi. Akatazama ukuta. Akamtazama Fundi tena, safari hii na ile kamba ya kupimia shingoni kwake.

"Huyu si ndiye huyu?" aliuliza.

Mkurugenzi alimtupia Chiriku jicho.

Fundi alitabasamu, akaufuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha kumsalimu mgeni. "Ndiye mimi, mama. Mimi ni—"

"Ni kijana wangu wa kazi," Chiriku alimkatiza.

Ilitoka haraka na laini, kana kwamba ilikuwa imekaa tayari chini ya ulimi. Na kwa kuwa ilikuwa imetoka, aliona ni lazima aisindikize. "Ananisaidia kubeba na kupanga vitu. Uso wake ulikuwa karibu tu, nikautumia."

Mkono wa Fundi ulibaki hewani. Mama wa makumbusho aliupokea, akautikisa kidogo kwa adabu, akauachia. Pale kwenye kiti, mama yake Chiriku aliinua kichwa.

Fundi alimtazama Chiriku. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemfananisha na mwingine, aliyemjua zamani. Chiriku aliinamisha macho. Alipoyainua, Fundi alikuwa amevua ile kamba shingoni na kuitia mfukoni.

"Ndiyo, mama," alimwambia mgeni. "Mimi ni wa kubeba." Kisha akageuka, mikono imekutana mbele kama mhudumu wa hoteli. "Madam, vile viti vya chini nivilete huku?"

"Ee... ndiyo. Vilete."

"Haya, Madam."

Akatoka. Mama wa makumbusho akarudi kwenye kazi. Aliuliza habari za sindano, za uzi, za mwanzo wa wazo. Chiriku alijibu vizuri, tena vizuri mno. Alionyesha vidole vyake vyenye sugu, mgeni akavishika, akavigeuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na gauni hili?" aliuliza mwishoni. "Lina mkato wa ajabu. Nani amekushonea?"

Fundi alikuwa anaingia na viti, vinne kwa mpigo.

"Nilinunua tu," Chiriku alisema.

Kiti kimoja kiligonga sakafu. "Samahani, Madam," Fundi alisema, akakisimamisha.

Basi ikawa ni kazi. Alibeba viti, akamimina maji kwenye glasi, akawafungulia wageni mlango. Wasanii wengine walipoona kuna mtu wa kutumwa, nao walimtuma. "Kijana, hebu nisaidie na hili gogo," mmoja wao alimwita, na Fundi akakunja mikono ya lile shati lililong'aa, akabeba gogo begani. Alirudi na doa la vumbi kifuani. Kila alipompita Chiriku alitabasamu tabasamu la watumishi, lile lisilofika machoni, akasema, "Nipishe kidogo, Madam."

Kila mara Chiriku alijiambia, sasa hivi. Akipita tena namshika mkono mbele ya wote, nasema huyu ni wangu. Akapita. Na akapita tena. Akaahirisha, kwa sababu wakati ule mama wa makumbusho alikuwa anacheka na Mkurugenzi, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye.

Alimfuata hatimaye kwenye stoo nyuma ya jengo, mahali palipowekwa makopo ya rangi na fremu mbovu. Fundi alikuwa anapanga viti vilivyozidi. Chiriku alifunga mlango kwa mgongo.

"Acha kuniita Madam."

"Nikuite nani? Mfanyakazi anamwitaje bosi wake?"

"Mpenzi wangu, nisamehe. Mdomo uliteleza tu."

"Mdomo uliteleza." Aliweka kiti juu ya kiti. "Na la gauni nalo?"

Chiriku alilishika pindo la gauni.

"Hujui alivyo yule mama," alianza upya, maneno yakigongana. "Angejua mchumba wangu ni fundi cherehani angesema umenishonea wewe. Iliwahi kutokea hapahapa. Kazi yangu yote ingekwenda na maji, na ni yangu! Wewe unajua ni yangu!"

"Najua. Na ningemwambia. Ningeapa mbele yake kwamba sijagusa hata uzi mmoja." Alimgeukia. "Hukunipa hata nafasi ya kukutetea, Chiriku. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono."

"Niliogopa."

"Mama yako alinikataa mwaka mzima. Alinifungia mlango, alinitukana mbele ya majirani. Lakini alinikataa mimi kama mimi. Hakuwahi kusema simjui huyu."

"Na wewe ulikuja na hiyo kamba shingoni kwa nini?" Chiriku alifoka ghafla, machozi yakimtoka. "Nilikuambia jioni! Hii siku nimeihangaikia maisha yangu yote, na wewe unaingia umevaa duka lako zima! Nikienda kule ng'ambo nitakutambulishaje kwa watu wale?"

Alisikia alichosema baada ya kukisema. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Fundi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali hesabu ilipokosewa.

"Kumbe ndiyo hiyo," alisema. "Haikuwa hofu ya yule mama. Nilipokuwa nabeba lile gogo nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu: alishtuka, au alifikiri? Kama ulishtuka, ningekusamehe leo hii, kabla jua halijazama. Mtu akishtuka husema lolote. Lakini wewe ulishafikiri. Umeshanipima na kule, umeona sienei."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha. Mimi kazi yangu ni kupima, najua nguo ikiwa fupi."

Chiriku alimshika mkono wa shati. "Nitapanda sasa hivi nimwambie. Twende pamoja. Nitasema mbele ya wote."

"Ukasemeje? Kwamba yule kijana kumbe ni mume wako mtarajiwa? Wanicheke? Nimetumwa na kila mtu mle ndani, Chiriku. Nimembebea mtu gogo. Unataka nikarudi nikasimame karibu yako, wewe uonekane una roho nzuri?"

"Basi niambie nifanye nini! Nitafanya chochote."

"Hakuna harusi," alisema. Hakupandisha sauti. "Mashangazi zako nitawaambia mimi, wewe usihangaike. Nitasema nimeshindwa, ili usionekane vibaya."

"Usiniache hivi. Nakupenda. Unajua ninavyokupenda."

"Najua. Hilo ndilo baya zaidi. Umenifanyia hivi hali unanipenda. Atakayekuja nyuma yangu namwonea huruma."

Fundi aliibandua mikono ya Chiriku taratibu kutoka kwenye shati, kidole kimoja kimoja, kwa upole uleule aliomvalishia pete. Akafungua mlango.

"Wageni wanakungoja, Madam."

Changarawe zilisikika chini ya viatu vyake mpaka lango likafungwa. Chiriku alibaki amesimama kati ya makopo ya rangi. Hakujua amekaa pale muda gani, mpaka alipohisi mkono begani na kunusa manukato anayoyajua tangu akiwa mtoto.

"Mama," alisema, akamwangukia kifuani. "Mama, ameondoka."

"Nimemwona. Amenipita pale langoni, amenisalimia vizuri tu." Mama alimpapasa mgongo. "Nyamaza. Umefanya vyema."

Chiriku aliinua uso.

"Mwaka mzima nililia nikikusihi umwache yule mtu, ukanikatalia," mama aliendelea, akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Leo umemaliza kwa neno moja. Sikukutegemea." Sauti yake ikapoa, ikawa kama ya mtu anayezungumza na mgeni. "Mimi mwenyewe nisingeweza, mwanangu. Pamoja na chuki yangu yote. Njia nzima alikuwa ananieleza jinsi ulivyo na akili. Nisingekuwa na roho ya kumfanyia vile."

Kabla Chiriku hajapata la kusema, Mkurugenzi alitokea akihema, uso umechanua.

"Uko huku? Njoo upesi, umechaguliwa! Amekuchagua wewe! Futa macho, njoo!"

Alifuta macho. Alinyoosha gauni. Alipanda ngazi akishikwa mkono kama bi harusi, na wageni wakamfungulia njia wakipiga makofi. Mama wa makumbusho alimkumbatia, akamnong'oneza kwamba safari ni mwezi ujao, na kwamba ule uso mkubwa ndio utakaotundikwa mlangoni kabisa, mtu akiingia tu akutane nao.

"Asante," Chiriku alisema. "Asante sana."

"Kitu kimoja tu," yule mama alisema, akiangaza macho chumbani. "Kazi hizi zinahitaji mikono ya taratibu kuzifunga. Yule kijana wako nimempenda, ana adabu, na anajua kushika vitu. Yuko wapi? Tumpe yeye kazi ya kufungasha."

Watu wote walikuwa wanamtazama, wanatabasamu.

"Hayupo," Chiriku alisema. "Ameacha kazi."